Gemu za upelelezi: dalili zimejaa, lakini anayefikiri ni wewe au ni gemu?

#1 Mleta uzi, Nyegezi

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi ni mrefu, ila mwenye bando dogo asihofu, humu hakuna picha wala video, ni maandishi tu.

Nataka tuzungumzie gemu za upelelezi. Siyo zile za kukimbizana na kurushiana risasi. Nazungumzia zile ambazo kuna maiti, kuna watu wanaoficha jambo, na wewe ndiye unayetakiwa kujua nani kafanya nini. Nimezicheza vya kutosha hadi nikajenga msimamo: nyingi zinakupa kazi ya kuokota, kisha kazi ya kufikiri zinaifanya zenyewe. Kinachotofautisha gemu nzuri na mbaya hapa si picha wala utamu wa hadithi. Ni jinsi inavyokuthibitishia kwamba umepatia, na wakati inaochagua kukuthibitishia.

Chukueni L.A. Noire ya mwaka 2011. Unaingia eneo la tukio, Los Angeles ya 1947, muziki unapiga taratibu. Ukisogea karibu na kitu chenye maana, kengele inalia na pedi ya kuchezea inatetemeka mkononi. Ukimaliza kuokota vyote, muziki unakatika. Maana yake mchezaji hahitaji kujiuliza "hiki kina maana gani hapa?" Anazunguka chumba kizima akisubiri mtetemo. Gemu imeshaamua kipi ni ushahidi na kipi ni takataka, na uamuzi huo ndio nusu ya kazi ya mpelelezi.

Sasa ilinganisheni na Return of the Obra Dinn ya Lucas Pope, iliyotoka 2018. Mwaka ni 1807, meli imerudi Uingereza bila mtu hai ndani yake, nawe ni mkaguzi wa bima wa East India Company. Una saa ya mfukoni ambayo ukiisogeza kwenye maiti unasikia sekunde za mwisho za uhai wake, kisha unatembea ndani ya tukio lililoganda wakati ule ule wa kifo. Una daftari lenye orodha ya watu 60, michoro ya nyuso zao na ramani ya meli. Basi. Kila mmoja unatakiwa uandike ni nani, kimempata nini, na kama kauawa, kauawa na nani.

Hakuna kengele. Gemu inanyamaza hadi utakapokuwa na watu watatu uliowapatia kikamilifu. Hapo ndipo inakuja na kuwafunga wote watatu kwa wino, majibu hayo hayafutiki tena.

Fanyeni hesabu muone uzuri wake. Kama mtu mmoja ana majibu 10 yanayowezekana na gemu inakujibu papo hapo, utajaribu mara 10 kwa uvivu na utapata. Wakiwa watatu kwa pamoja, ni 10 mara 10 mara 10, yaani majaribio 1,000. Kubahatisha kunakuwa kazi ngumu kuliko kufikiri, kwa hiyo unaamua kufikiri. Kanuni ndogo namna hiyo, na gemu nzima imesimama juu yake.

Karibuni tujadili. Tafadhali msitaje wauaji, kuna watu hawajacheza.

#2 Mdau wa Igoma

Mkuu umeeleza vizuri, ila L.A. Noire umeionea. Ile kengele unaweza kuizima kwenye mipangilio. Na utamu wa gemu ile haukuwa kwenye kuokota, ulikuwa kwenye mahojiano. Waigizaji walirekodiwa nyuso kwa kamera 32, unamwona shahidi anavyomeza mate, anavyokwepa macho. Unaamua anasema kweli, una mashaka naye, au anadanganya. Ukisema anadanganya lazima utoe ushahidi wa kumbana. Huko si kufikiri?

#3 Mleta uzi

Ni kufikiri, na sehemu ya "anadanganya" naiheshimu sana kwa sababu inakudai ushahidi. Tatizo langu ni chaguo la mashaka. Unamchagulia mpelelezi wako mashaka madogo tu, yeye anamrukia mama wa watu kwa kelele kana kwamba umemtuhumu kuua. Ulichowaza wewe na kilichotoka mdomoni mwake ni vitu viwili tofauti. Toleo la 2017 lilibadilisha majina ya machaguo yale yakawa upande wa askari mpole, askari mkali na kutuhumu. Nadhani na wao waliliona hilo.

Kuhusu nyuso, kuna jambo jingine. Watu wanaosema kweli huwa wanatazama chini pia. Kwetu huku kijana akihojiwa na mtu mzima hamkodolei macho, ni adabu aliyofunzwa nyumbani. Gemu inayokufundisha kwamba kukwepa macho ni uongo inakufundisha jambo lisilo sahihi kuhusu binadamu. Ndiyo maana mimi nasimama na ushahidi unaoshikika: tarehe, mahali, nani alikuwa na ufunguo.

#4 Dada wa Pasiansi

Asante kwa uzi, kaka. Mimi nilianza na Her Story kwenye simu na naomba niitetee, maana haina kengele, haina wino, haina chochote cha kukuthibitishia.

Kwa wasioijua: ni ya Sam Barlow, mwaka 2015. Unakaa mbele ya kompyuta ya polisi ya zamani yenye vipande vya video vya mwanamke aliyehojiwa mwaka 1994. Unaandika neno, inakuletea vipande alivyolitaja neno hilo, lakini inakuonyesha vitano vya mwanzo tu hata kama vipo ishirini. Basi kazi yako ni kukisia neno ambalo angelitamka. Anataja jina la mtu kwa kupita tu, unaliandika, unalitafuta, mlango mpya unafunguka. Kile kikomo cha vitano ndicho kinachokulazimisha uache maneno mapana na utafute maneno ya ndani.

Na haikuulizi popote "muuaji ni nani?" Ukiridhika umeridhika. Mimi na ndugu yangu tuliimaliza na kila mmoja ana jibu lake hadi leo. Kwa msimamo wako, kaka, hiyo ni gemu mbaya kwa sababu haithibitishi?

#5 Mleta uzi

Hapana dada, naiweka juu. Kutokuthibitisha nako ni uamuzi wa mtengenezaji. Her Story imeufanya kwa makusudi na imejengwa kuubeba: kila video uliyoipata uliipata kwa neno lililotoka kichwani mwako, kwa hiyo dhana yako ndiyo iliyokuongoza njia nzima. Siipendi pale ambapo gemu inashindwa kuamua. Inakuacha ufikiri saa nzima, halafu mhusika wako anatoa hitimisho lote kwenye video ya dakika tano wakati wewe umeweka pedi chini.

Mfano wa uamuzi wa kijasiri upande mwingine ni Sherlock Holmes: Crimes and Punishments ya Frogwares, 2014. Kesi sita. Dalili zinaunganishwa ndani ya kichwa cha Holmes, na kutokana na dalili zile zile unaweza kufika kwa watu tofauti. Gemu inakuruhusu kumtia hatiani asiyehusika, kesi inafungwa na maisha yanaendelea. Kuna sehemu mwishoni unaweza kuchungulia kama ulipatia, lakini hakuna anayekulazimisha. Kesi ya kwanza niliikaa siku kadhaa kabla ya kuchungulia, na nikawa napitia maelezo ya mashahidi nikiwa kwenye daladala. Gemu ikikuandama hadi kwenye daladala, kwangu imefanya kazi yake.

#6 Mdau wa Kirumba

Naomba kuuliza wakuu, maana mimi ni mchezaji wa mpira tu, FIFA ya kibandani. Hizi gemu nikizitazama naona mtu anabofya-bofya ukutani akitafuta karatasi. Hapo ninachoka. Kuna isiyokuwa na hiyo adha ya kutafuta?

#7 Mleta uzi

Swali zuri na linagusa kiini kabisa. Kutafuta na kufikiri ni kazi mbili, na watengenezaji wengi wamezichanganya. Kama umekwama kwa sababu hukuiona karatasi iliyo nyuma ya kabati, hapo akili yako haijapimwa, yamepimwa macho.

Cheza The Case of the Golden Idol, 2022, ya Color Gray Games kutoka Latvia. Iliwahi kutoka hadi kwenye simu. Wao wamezitenganisha waziwazi: kuna upande wa kuchunguza na upande wa kuwaza, unahama kwa kitufe. Ukichunguza unabofya mifuko ya watu, barua, vitu vya mezani, na maneno yanajikusanya chini ya skrini: majina, vitendo, mahali. Inakuonyesha kama maneno yote umeyapata, kwa hiyo hutababaika kutafuta kisichokuwepo. Kisha unahamia upande wa kuwaza, unakuta aya yenye mapengo: fulani alimfanya nini fulani, kwa kutumia nini, kwa sababu gani. Unajaza. Maneno yote unayo mkononi na bado hujui, hapo sasa ndipo raha ilipo.

Ukikosea sana inakwambia si sahihi. Ukikaribia inakwambia umekosea sehemu mbili au pungufu. Siyo kimya cha Obra Dinn, lakini pia hairopoki kila kitu.

Hata wenzetu wa gemu za mezani, zile za kuigiza wahusika na kurusha dadu, walilifikia hili mapema. Robin Laws alipotoa GUMSHOE, mfumo wake wa kanuni za kuchezea kesi za upelelezi mezani, mwaka 2007 aliweka kanuni kwamba kidokezo cha msingi kisitegemee dadu: mpelelezi mwenye ujuzi husika akikitafuta mahali kilipo, anakipata. Hadithi isife kwa sababu mtu karusha dadu vibaya. Ugumu uwe kwenye kukielewa.

#8 Mdau wa Igoma

Hapo nakubaliana na wewe. Ila mkuu, wino wa watatu wa Obra Dinn nao una tundu. Mimi nikiwa na uhakika na wawili, huyo wa tatu nilikuwa nabadilisha majina moja baada ya jingine hadi wino unashika. Mabaharia wengine wote niliwapata kwa njia hiyo.

#9 Mleta uzi

Ni kweli kabisa, na tundu hilo linakua kadiri orodha inavyopungua mwishoni. Lakini ili ulitumie ni lazima kwanza uwe na wawili uliowapata kwa haki, na ukiwatumia kubahatisha wa tatu umewachoma wote watatu kwa mkupuo, unahitaji wawili wengine. Nadhani Pope aliliona na akaliacha kama mlango wa nyuma wa mtu aliyechoka, ili asiiache gemu katikati. Afadhali mlango huo kuliko kitufe cha kununua dokezo.

#10 Mdau wa Bukoba

Wakuu, naomba niseme jambo ambalo huenda likaonekana liko nje kidogo ya mada.

Nilipofungua daftari la Obra Dinn kwa mara ya kwanza nikakuta kila mtu kaandikwa, hadi mpishi na mhudumu mdogo kabisa, na namba, na nchi aliyotoka. Nilisimamisha gemu. Sisi wa upande huu wa ziwa tunajua MV Bukoba ilivyozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa kwenye orodha. Kuna watu ambao hadi leo hakuna karatasi inayosema walipanda.

Gemu yote ile inawezekana kwa sababu mtu fulani aliandika majina kabla meli haijang'oa nanga. Sikuweza kuicheza kama fumbo tu. Nilihakikisha nimewamaliza wote 60, sikutaka kumwacha hata mmoja bila jina.

#11 Dada wa Pasiansi

Pole sana ndugu yangu. Na haiko nje ya mada hata kidogo.

#12 Mleta uzi

Ndugu wa Bukoba, pole, na ahsante kwa kuandika. Kuna kitu kwenye maneno yako ambacho sijawahi kukisoma kwenye uchambuzi wowote wa gemu ile. Watu husifia saa na ile michoro ya rangi mbili. Orodha ya majina wanaipita, wakati ndiyo inayofanya kila kifo kiwe na mwenyewe.

#13 Mdau wa Igoma

Tukirudi kwenye ufundi, kuna kitu kimoja kinanikera. Obra Dinn inakutaka umtambue mtu kwa lafudhi. Huyu Mwairishi, huyu Mskoti, huyu wa Wales. Mimi kwangu wote ni Wazungu wanaopiga kelele kwenye upepo. Mwenzangu wa Uingereza anapata dalili ya bure, mimi nimeziba masikio. Hiyo ni haki?

#14 Mleta uzi

Nusu ni haki. Pope aliweka njia zaidi ya moja karibu kwa kila mtu: sare, kazi anayofanya, nani anakaa naye, namba kwenye machela wanayolalia. Aliyekosa lafudhi bado ana njia ya namba. Kwa hiyo unatoka, ila kwa jasho zaidi.

Lakini umegusa jambo ninalolipenda. Kila dalili inadai mtu awe anajua kitu fulani kabla. Deadline ya Infocom, mwaka 1982, gemu ya maandishi matupu, waliliona wakaja na suluhisho la karatasi: ndani ya boksi mliwekewa mahojiano ya polisi na ripoti ya maabara, halafu unapewa saa 12 za kwenye gemu kumaliza kesi huku watu wa nyumba ile wakitembea kwa ratiba zao bila kukusubiri. Ujuzi uliohitajika ulikuwa mezani kwako.

Sasa geuzeni. Fikirieni gemu ambayo sisi ndio tungekuwa na masikio. Kesi imetokea mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, hapa hapa ziwani. Shahidi anasema: "Usiku ule mimi sikuwepo nchi kavu, tulikuwa ndani tunavua dagaa." Ukutani kwake kuna picha ya familia siku ya Idd el-Fitr, yenye tarehe. Tukio limetokea siku kumi na nne baadaye. Gemu haisemi kitu kingine.

#15 Mdau wa Kirumba

Anadanganya huyo! Idd ni mwezi mwandamo. Siku kumi na nne mbele ni mwezi mpevu, mbalamwezi ziwa zima. Dagaa wanavuliwa kwenye giza kwa taa, uwe na karabai au hizi za sola. Kwenye mbalamwezi taa haiwavuti, mitumbwi inalala, watu wanashona nyavu au wanarudi makwao. Hapo hata mtoto wa mwaloni anamkamata.

#16 Dada wa Pasiansi

Jamani, mdau wa FIFA katatua kesi kabla yetu sote, na hajabofya ukuta wowote.

#17 Mdau wa Kirumba

Dada, kwenye hili mimi nipo kazini. Ila mkuu, iweke vizuri. Akisema alikuwa anavua, akaishia hapo, umemkosa. Wa sangara wanatega nyavu zao na ndoano hata mwezi ukiwaka. Ni lazima atamke dagaa kwa mdomo wake. Au umkute na nyavu za dagaa tu, hana nyingine. Na wakili wake atasema mwezi ulifunikwa na mawingu, kwa hiyo weka mtu mwingine aseme usiku ule kulikuwa kweupe kiasi cha kutembea bila tochi.

#18 Mleta uzi

Mkuu, hii ndiyo kazi ya msanifu wa gemu, na umeifanya kwa ujumbe mmoja. Umeona uongo, kisha ukaona matundu ambayo mtuhumiwa angetorokea, ukayaziba moja moja.

Swali la mdau wa Igoma bado lipo: mchezaji wa Dodoma ambaye hajawahi kulala mwaloni atajuaje? Ukimwekea maandishi kwenye skrini kwamba dagaa hawavuliwi kwenye mbalamwezi, umeshafikiri kwa niaba yake. Afadhali ajifunze kwa kuishi kidogo. Kesi ya mwanzo, ambayo haihusiani kabisa, unamtuma mwaloni usiku wa giza anaona taa zimejipanga ziwani mithili ya mji mwingine. Baadaye anapita tena, maji meupe hayana taa, mama muuzaji analalamika kwamba dagaa wamepanda bei na wiki hii hakuna mzigo. Hakuna kengele wala alama ya mshangao juu ya kichwa cha mama. Kesi ya tatu ndipo unamletea shahidi na ile picha ya Idd. Ujuzi anao, hakuna aliyemwambia kwamba ni ushahidi.

#19 Mdau wa Bukoba

Na uthibitisho utautoa vipi? Ukimpa kitufe cha "anadanganya" kwa kila sentensi, atabofya zote.

#20 Mleta uzi

Hapo nimewaza hivi. Asitafute muongo, ajaze nafasi za watu. Anafunguliwa daftari la mwaloni, lile la kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi lenye mitumbwi na wahudumu wake, na kwa usiku ule ajaze kila mtu alikuwa wapi: ndani ya ziwa, kisiwani, nyumbani, eneo la tukio. Daftari linajifunga tu pale wahudumu wote wa mtumbwi mmoja wakiwa sahihi. Hivyo hawezi kumkamata muongo peke yake kwa bahati. Ni lazima ajue na wenzake watatu walikuwa wapi, na wale watatu nao wana sababu zao za kuficha, zisizohusiana na mauaji. Mmoja alikuwa kwa mke mdogo ng'ambo ya Kamanga. Mwingine alikuwa anauza mabondo, vile vibofu vya samaki, kwa njia ambayo tajiri wa mtumbwi hatakiwi kuijua.

#21 Mdau wa Kirumba

Huyo wa mabondo umkague stakabadhi za kivuko. Kamanga haivuki usiku kucha, kwa hiyo kama alikuwa ng'ambo jioni, alilala huko. Na wa mke mdogo naye ni hivyo hivyo, wanaweza kuthibitishana wao kwa wao bila kutaka.

Nipe jina la ile ya maneno ya kujaza. Naipakua leo.

#22 Mleta uzi

The Case of the Golden Idol. Kesi za mwanzo ni fupi, zicheze bila kusoma msaada wowote mtandaoni. Ukikwama njoo uulize hapa kwa kutaja kesi tu, mimi nitakuuliza umeona nini mifukoni mwa watu, jibu sitakupa.